Dau la Leokadia

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
saa kumi na mbili na robo asubuhi,
damu yangu hutoka kutembea.
Hupita kwenye mipira, huoshwa,
hurudi na baridi kama mgeni aliyelala stesheni.
Tuko watatu kwenye chumba hiki cha Lublin
na televisheni moja ukutani.
Radosław, fundi wa mashine,
ameiunganisha na kamera iliyo juu ya dohani
ya mtambo unaopasha joto nyumba za mji.

Huko juu, mita mia na kitu kutoka kwenye theluji,
kozi jike hana kiota.
Ana sanduku la mbao, changarawe,
na kishimo alichokichimba kwa kifua,
akizunguka, akizunguka,
kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia.

"Leo," alisema Leokadia, mshona makoti,
kutoka kiti chake cha dirishani.
"Mwoneni mgongo. Mimi nimezaa watano,
mgongo ule naujua."
Na kweli, kozi alisimama miguu kando,
mabawa yamelegea, mwavuli uliovunjika,
mdomo wazi.
Kamera haina sauti,
mashine zetu ndizo zilizomhemea.
Mkia ukapanda, ukashuka.
Akasogea hatua moja, akatazama chini,
nasi tukatazama chini pamoja naye:
yai,
jekundu la kutu, la tofali lililonyeshewa,
bado bichi kwa unyevu.

Ndipo tukawekeana dau, pipi zisizo na sukari.
Ireneusz alisema mawili; ni mtu wa mawili,
figo mbili zilizokufa, wake wawili waliohama.
Mimi, dereva wa tramu mstaafu, nikasema matatu.
Leokadia akainua vidole vinne
akavishikilia hewani
mpaka muuguzi akamkemea: "Mkono! Sindano!"

La pili lilitagwa Jumatano, mbele yetu.
La tatu, usiku wa kuamkia Ijumaa.
Tulifika tukalikuta, tukanuna kidogo
kama watu waliokosa harusi ya jirani.

Jumamosi theluji ikaziba kioo cha kamera.
Nilikaa jikoni na simu mkononi,
nikitazama weupe mtupu,
kisha ncha ya bawa, kisha weupe.
Dume alileta njiwa, akamwacha ukingoni.
Jike hakunyanyuka.
Kozi akilala njaa, amependa.
Mimi nalala na kiu kwa amri ya daktari,
glasi mbili kwa siku,
na ile ya pili huwa naitazama sana kabla ya kuinywa.

Jumatatu kiti cha dirishani kilikuwa kitupu,
shuka limevutwa, halina kunyanzi.
Katika chumba hiki kiti kitupu kina maana mbili
na moja hatuitamki.
Ireneusz alihesabu vigae vya dari.
Radosław aliwasha televisheni, akaondoka bila utani.
Kozi ameyalalia mayai yote,
hata idadi hatuijui.

Saa tatu simu ya muuguzi ikalia.
Akaniwekea sikioni, kwa kuwa mkono wangu umefungwa.
Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, imetoka kwenye mpira wa koo:
"Wameniita saa nane usiku.
Figo ya mtu wa Gdańsk. Jina lake sitaambiwa."
Akapumua.
"Mangapi?"

"Subiri," nikamwambia, "hajanyanyuka."
Tukasubiri, yeye huko na mishono yake,
sisi hapa na damu yetu njiani.
Kisha kozi akainuka,
amekunja kucha kama ngumi asiyatoboe,
akatembea juu ya vifundo, mzee kwenye barafu,
akageuka.

"Manne," nikasema.

Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Mimi nimekojoa," akasema Leokadia,
"baada ya miaka mitatu, nimekojoa,"
akalia, akacheka, mishono ikamuuma, akatukana.
Ireneusz akauliza kutoka ng'ambo:
"Anasemaje?"
"Anadai pipi zake," nikamjibu.